Kapteni wa Pangaboi Akihamia Jeti

Wanachuo, kwa nini kapteni aliyezoea Q400 ya pangaboi arudi darasani kabla ya kukabidhiwa Airbus A220?

Kwanza, injini. Pangaboi likiongezewa nguvu, hupuliza upepo juu ya bawa palepale. Jeti huchukua sekunde kadhaa kupandisha nguvu, hivyo kapteni lazima awahi kuamua. Pili, mwinuko. Uwanja wa Songwe, Mbeya, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Nduli, Iringa, vivyo hivyo. Hewa ni nyepesi. Jeti, yenye kasi tayari, hutua kwa kasi zaidi.

Sisi wa ualimu tunajua: maarifa ya awali husaidia, mengine huzuia. Ndiyo maana kapteni huanzia kwenye simuleta, kisha huruka na mkufunzi pembeni. Cheo hakirushi ndege.