Meza ya Jikoni na Fedha za Viazi



Mwezi huu tunaingia jikoni, wala hatuingii kula. Tunaingia kuitazama meza ya kupikia, ile ambayo wengi siku hizi huiita kaunta, kwa maana imeleta ugomvi katika nyumba nyingi kuliko tunavyopenda kukubali.

Ninawajua bwana na bibi wa huku Kibirichia walio katika mwaka wa 11 wa ndoa. Nyumba yao ni ya mawe, bado haijapigwa plasta nje. Miaka hiyo yote mama amekatia mboga juu ya ubao uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda, akiinuka anashika kiuno. Msimu mmoja viazi vikafanya vizuri. Mnunuzi akaleta lori hadi shambani, na fedha zikaingia katika simu ya baba. Wiki hiyohiyo baba akaenda Meru mjini, akaona kwa rafiki yake kaunta ya graniti nyeusi inayong'aa kama kioo, na bila kumwambia mtu akalipa sehemu ya kwanza. Alitaka kumfurahisha mkewe. Mkewe alipata habari siku fundi alipobisha mlango akiwa na futi ya kupimia. Hakushukuru. Aliuliza tu, "Na karo ya Januari, baba watoto?"

Walikaa kimya siku tisa. Baba alijiona amedharauliwa, kwa kuwa zawadi yake ilitupwa usoni. Mama alijiona mgeni katika nyumba yake.

Tusimlaumu baba upesi. Aliona mgongo wa mkewe unavyoumia, na hilo ni jema. Wako waume ambao hawajaingia jikoni kwao tangu siku ya arusi. Lakini mama huyo alipanda viazi hivyo, akapalilia, akachimba, kisha hakuambiwa gunia liliuzwa kwa bei gani. Zawadi inayotoka katika fedha ambazo mwenzako hana habari nazo humtia hofu kabla ya kumfurahisha. Na mama naye, kwa maoni yangu, angeweza kusema "asante kwa kunifikiria" kabla ya kuuliza habari ya karo. Maneno hayo hayanunuliwi dukani.

Hapa kwetu, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, fedha za shamba haziji kama mshahara. Wengi tunapanda Shangi, na Shangi huchipua mapema, haikubali kukaa ghalani ikingojea bei nzuri. Basi huuzwa upesi, na fedha huingia siku moja. Siku hiyo mtu hujiona tajiri. Halafu atangoje miezi mitatu au minne mingine, na mvua iwe imenyesha. Kwa hiyo jioni ya mauzo chukueni daftari, nyinyi wawili, andikeni kiasi chote kilichoingia bila kuficha hata shilingi. Toeni mbegu, mbolea na dawa ya msimu ujao, toeni karo, toeni deni la chama. Kinachobaki ndicho kiulizwe kama kinatosha kaunta. Kama hakibaki kitu, hakuna kaunta msimu huu, na mkikubaliana hivyo pamoja hakuna atakayenuna.

Sasa tuje kwenye kaunta yenyewe. Graniti si kitu kibaya. Haichomwi na sufuria ya moto na hudumu miaka mingi. Lakini ni ghali, ni nzito, na lazima ikalie kitu imara. Mwenye fedha kidogo aulizie vipande vilivyobaki baada ya kazi kubwa. Kipande kidogo cha kuweka kando ya sinki hugharimu kidogo kuliko kaunta nzima. Mbao zilizobandikwa formika huvutia macho dukani, lakini maji yakipenya ukingoni, ubao wa unga wa mbao huvimba na hauwezi kurudi ulivyokuwa. Mbao halisi ni afadhali. Saipresi hupatikana kwetu kwa bei nafuu, na muuru, mti ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru, hutoa mbao nzuri sana. Hakikisha tu zimekauka vizuri kabla ya kupigiliwa, zipakwe mafuta mara kwa mara, na zisikae karibu na sinki. Mkaratusi mbichi usiuguse, utajipinda.

Kwa jamaa wengi wa huku mimi ningeshauri zege. Wengine huona aibu, wakisema hiyo ni kazi ya kutengeneza karo la kuoshea nguo. Sikubaliani nao. Kaunta ya urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7.5 huhitaji takriban debe moja la simiti, madebe mawili ya mchanga na madebe manne ya kokoto. Maana yake, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na kubakiza simiti ya niru ya juu. Uzito wake unapita kilo 200, kwa hiyo usiiweke juu ya miguu ya mbao. Jengeni kuta tatu fupi za mawe chini yake, mbili mwishoni na moja katikati, na nafasi baina yake itakuwa ya kuwekea sufuria na debe la unga.

Mwangalieni fundi katika mambo mawili. La kwanza ni vyuma. Vyuma vya milimita 8 vikae sehemu ya chini ya zege, vikiinuliwa kwa vijiwe ili vifunikwe na zege ya sentimita 2 hivi. Zege hupasuka kuanzia tumboni, inapovutika, na chuma kilichoachwa juu kabisa hakisaidii tumbo. La pili ni maji. Fundi ana haraka ya kulipwa, lakini zege haina haraka. Ifunikeni kwa magunia yaliyolowa na kuyamwagia maji kila siku kwa siku 7 angalau. Katika baridi ya Juni na Julai zege hukomaa polepole, basi fanyeni siku 14, na mbao za kuishikilia zisitolewe kabla ya hapo. Kazi hii ya kumwagia maji watoto huipenda.

Niru ikipigwa vizuri huwa laini na hufutika kwa kitambaa. Ina adui mmoja, asidi. Ndimu, siki na maziwa lala yakiachwa juu yake huila polepole, kwa hiyo futeni mara moja na mtumie ubao wa kukatia. Mukimo pondeni sufuria ikiwa chini sakafuni, kama mama zetu walivyofanya. Na mavuno mengine yakiwa mazuri, zege hiyohiyo inaweza kubandikwa vigae. Chagueni vigae vikubwa vya sakafuni kuliko vidogo vya ukutani, kwani mistari ya kuunganisha ndiyo inayonywa mafuta na bizari. Hata ile graniti, siku yake ikifika, itapata pa kukalia.

Jamaa yetu walifika hapo. Sehemu ya fedha alizolipa baba haikurudi, na jambo hilo liliwauma wote wawili, lakini waliliandika katika daftari pamoja na mengine, karo ikalipwa, na fundi wa hapa jirani akaitwa.

Limebaki jambo la kimo, nalo halina gharama yoyote. Mafundi wengi hujenga sentimita 90 kwa mazoea, bila kuuliza nani atasimama hapo. Asimame yeye anayepika zaidi, akunje mkono, mpime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha mpunguze sentimita 10 hadi 15. Chini, mwachie vidole vya miguu nafasi ya kuingia, ili asisimame akiwa amejiinamia.

Baba yule alipima kwa kamba ya katani, akapiga alama ukutani kwa penseli. Ilikuwa Jumapili, wametoka Misa. Mama akaitazama alama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, akaenda kuvua viatu vya kisigino na kuvaa malapa ya jikoni. Wakapima upya.