Matone Kabla ya Miwani: Kupima Macho ya Mtoto kwa Usahihi

Mzazi anayetoka Kibeta au Muleba kumpeleka mtoto kupimwa macho mjini Bukoba hutumia nauli, muda na fedha za miwani. Kipimo kikikosewa, gharama hizo hupotea, na mtoto huendelea kuumwa kichwa darasani huku akidhaniwa kuwa mvivu. Tunaeleza hapa hatua moja inayopunguza hasara hiyo.

Kwa nini matone?

Ndani ya jicho mna lenzi ambayo msuli huibadilisha umbo ili tuone vitu vya karibu. Msuli wa mtoto una nguvu nyingi, naye huukaza bila kujua hata anapopimwa. Hivyo mwenye tatizo la kuona karibu huweza kuonekana mzima, na mwingine huandikiwa miwani asiyoihitaji. Matone kama saiklopentoleti hulegeza msuli huo kwa muda. Kisha mtaalamu humulika jicho na kupata kipimo bila kutegemea majibu ya mtoto. Hata asiyejua herufi hupimika. Hatua hii ina umuhimu wa pekee kwa mtoto mdogo na mwenye kengeza.

Siku ya kipimo

Matone huwasha kidogo, na mara nyingi hurudiwa baada ya dakika chache. Kipimo hufanyika baada ya dakika 30 hadi 45. Atokaye mbali aondoke nyumbani mapema. Mboni hupanuka, mwanga wa jua humsumbua mtoto, na maandishi ya karibu huwa na ukungu, kwa kawaida hadi saa 24. Mchukulie kofia, mshike mkono barabarani, na umjulishe mwalimu. Yakitumika matone ya atropini, hali hiyo huweza kudumu wiki moja au mbili.

Tahadhari

Mweleze mtaalamu mapema iwapo mtoto ana kifafa, ugonjwa wa moyo au mzio wa dawa. Baada ya matone, akipata homa, akiiva uso au akiweweseka, mrudishe hospitali mara moja. Matone haya ni ya kupimia, si tiba. Usiyanunue ukamtia mtoto nyumbani.

Uliza kabla ya kulipa

1. Je, mpimaji amesajiliwa kisheria?
2. Je, mtoto atatiwa matone ya kulegeza msuli? Kama sivyo, kwa sababu gani?
3. Je, nitapewa kipimo kwa maandishi?

Tunashauri karatasi ya kipimo itunzwe vizuri, kwani itamwezesha mzazi kulinganisha bei za miwani na kufuatilia maendeleo ya mtoto mwaka hadi mwaka.