Inchi 43: Lazima iwe 4K?

Swali: Nataka televisheni ya inchi 43. Muuzaji anasisitiza 4K, ila bei imenizidi. Kochi liko mita 3 kutoka kwenye kioo.

Jibu: Chukua Full HD bila wasiwasi. Ni kweli 4K ina nukta mara nne zaidi, 3840 kwa 2160, lakini kwa umbali huo jicho halizitofautishi. Kagua paneli kwanza: IPS hutunza rangi hata kwa aliyeketi pembeni; VA ina weusi mzito zaidi, ila hufifia ukiitazama kwa upande. Kwa sebule yenye watu wengi, ningechagua IPS. Hakikisha pia ina DVB-T2, mfumo wa dijitali wa Tanzania na Kenya, la sivyo utahitaji king'amuzi hata kwa chaneli za bure.