Damu Iliyogeuka Barafu: Ipi Aongezewe Mgonjwa, Ipi Itupwe

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa maabara, benki ya damu na wodi. Kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili husema "kuganda" kwa damu iliyofanya mabonge na kwa maji yaliyogeuka barafu; kwenye kukabidhiana zamu utata huo ni hatari. Andika "barafu".

Chembe nyekundu zilizogandishwa kitaalamu ni salama. Mollison na Sloviter waliwaongezea watu damu ya namna hiyo huko Uingereza mwaka 1951. Kinga yake ni gliseroli, inayoingia ndani ya chembe na kuzuia barafu isiiharibu. Kwa kiwango cha takriban asilimia 40, mfuko hukaa kwenye nyuzi -65 au chini zaidi, kwa kawaida hadi miaka 10.

Kazi ngumu huanza friza ikifunguliwa. Mfuko huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, kisha gliseroli huoshwa kwa maji ya chumvi yanayopunguzwa ukali hatua kwa hatua: asilimia 12, 1.6, mwisho 0.9 yenye glukosi. Ukiruka hatua, maji huingia kwa kasi na chembe hupasuka. Tazama maji ya mwisho ya kuoshea: yakiwa mekundu sana, usiutoe mfuko. Ukioshwa kwa mfumo wa wazi, hifadhi kwenye jokofu la damu na utumike ndani ya saa 24. Ugandishaji hauui virusi, wala haubadili kundi la damu. Vipimo vyote vibaki palepale.

Mchangiaji apimwe selimundu kabla ya kugandisha. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huwa mzima kabisa, na katika ukanda wetu wako wengi, ila chembe zake huweza kugeuka rojo au kupasuka wakati wa kuoshwa.

Wengi wenu, hata hivyo, mtakutana na barafu ya bahati mbaya: mfuko uliogusana na barafu ndani ya kisanduku cha kusafirishia, au uliosogezwa karibu na friza ya jokofu la nyumbani. Huo hauna gliseroli. Usiuyeyushe ukaurudisha rafuni, hata ukionekana mzuri na hata kama ndio uliobaki. Hemoglobini iliyomwagika huumiza figo na huweza kuua. Uwekee alama ya "usitumike", toa taarifa, kisha kagua jokofu: nyuzi 2 hadi 6.

Kama damu hiyo imekwisha kuanza kuingia, na mgonjwa analalamika kiuno au mkojo umekuwa mwekundu, funga mara moja. Badilisha mpira, weka maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mwite daktari, na urudishe mfuko maabara pamoja na sampuli mpya ya damu ya mgonjwa.