Herbert Simon na uchaguzi wa kinachotosha: somo la istilahi

Katika vyuo vyetu tunamtambua mwalimu kwa ngazi yake: msaidizi, mkuu wa kazi, profesa. Ngazi hutuonyesha alipofika, lakini haitwambii ametuachia wazo gani. Kwa somo hili nimemchagua mwalimu wa shule ya biashara ambaye wazo lake lilivuka mipaka ya fani yake.

Herbert Simon (1916–2001) alisomea sayansi ya siasa. Mwaka 1949 alihamia Carnegie, mjini Pittsburgh, Marekani, akashiriki kuanzisha shule ya biashara ya huko. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Turing ya kompyuta pamoja na Allen Newell, na mwaka 1978 tuzo ya Nobel ya uchumi. Fani ni mbili, lakini swali lilikuwa moja: binadamu huamuaje?

Wachumi wengi walimchora mtu anayezijua njia zote na kuchagua iliyo bora kupita zote. Simon alikataa. Muda wetu ni mchache, habari hazikamiliki, na akili ina uwezo wake. Mwaka 1956 alitumia kitenzi “satisfice” kutaja tunachofanya kweli: kujiwekea kiwango, kisha kuchukua cha kwanza kinachokifikia.

Tumtazame mama anayenunua sambaza sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Hazunguki meza zote. Anataka sambaza zilizokauka vizuri, kwa bei isiyopita pesa aliyonayo. Akizipata, ananunua na kurudi nyumbani.

Tutafsirije? “Kuridhika” na “kutosheka” hutaja hali ya moyo baada ya kupata. Havitaji kutafuta wala kiwango. Napendekeza “uchaguzi toshelevu”. Nayo nadharia yenyewe niiite “urazini wenye mipaka”, si “akili finyu”. “Finyu” ni lawama: humfanya yule mama aonekane mjinga, kumbe anatumia vizuri muda na pesa alizo nazo. “Mipaka” inaeleza tu hali ya kila mwenye kuamua, hata profesa.

Kwa hiyo, tukikosea neno moja, tunageuza nadharia kuwa tusi. Wanauchumi wenzetu watafundisha kwa maneno tutakayowapa. Heshima ya Simon kwa Kiswahili imo mikononi mwa kitivo chetu, na nawaomba walimu na wanafunzi wenzangu wayapime mapendekezo haya mawili darasani.