Swali Moja kwa Wiki: Kundi la WhatsApp Liendeleze Somo

Shule zilipofungwa kote nchini mnamo Machi 2020 kutokana na korona, walimu wengi waliunda makundi ya WhatsApp ili kuwatumia wanafunzi kazi. Leo mengi ya makundi hayo hutangaza karo na mikutano tu. Hata hivyo, yanaweza kuendeleza mazungumzo ya darasani, mradi swali litoke darasani na jibu lirudi darasani.

Kwa mfano, Ijumaa mwalimu wa Kilimo anauliza: "Mahindi yakigeuka manjano, rangi hiyo huanzia majani gani?" Mtoto anaenda shambani na mzazi, wanapiga picha, kisha mtoto anarekodi sauti akieleza alichoona. Jumatatu, waliosema majani ya chini na waliosema ya juu wanajadiliana, kila mmoja akitoa sababu. Mwishowe mwalimu anafafanua: upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini, kwa kuwa mmea huhamisha naitrojeni kutoka majani yaliyokomaa hadi machanga. Hata mtoto mwenye haya, ambaye hainui mkono darasani, amesikika.

Ili mpango huu ufaulu, walimu na wazazi wazingatie haya:

1. Kundi liwe la wazazi. WhatsApp na Facebook haziruhusu watoto walio chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti wenyewe. Pia, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa.

2. Swali liwe moja kwa wiki, na lisiwe la kujibiwa "ndiyo" au "la".

3. Tumeni picha moja au sauti fupi. Video humaliza bando.

4. Alama za mtoto na deni la karo visiwekwe kwenye kundi. Hayo ni ya mzazi na mwalimu pekee.

5. Asiye na simu asiachwe nyuma. Swali liandikwe ubaoni pia, naye ajibu kwenye daftari. Jumatatu daftari hilo lisomwe kwanza, kabla ya majibu ya simu. La sivyo, kundi litawagawa watoto kulingana na mifuko ya wazazi wao.

Mzazi, ikiwa darasa la mwanao lina kundi, zungumza na mwalimu mjaribu swali moja wiki hii. Kisha Jumatatu jioni, muulize mwanao wenzake walijibu nini.