Picha za bata mwitu wakati wa theluji

SWALI: Naishi Toronto. Nikipiga picha za bata kando ya Ziwa Ontario wakati wa theluji, zinatoka za kijivu na betri huisha upesi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ongeza mwanga kwa hatua moja, kisha ikuze picha uangalie manyoya meupe ya ubavuni: yakionekana bado moja moja, umepatia, yakigeuka doa jeupe tupu, punguza kidogo.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi huidhoofisha tu; ikipata joto hurudisha sehemu ya nguvu zake. Kabla ya kuingia nyumbani, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki hadi ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utatanda kwenye lenzi.

Kwa bata anayeruka, tumia 1/2000 ya sekunde. Lakini tafadhali usiwarushe makusudi. Kila wanaporuka huchoma mafuta ya mwili wanayoyahitaji kuumaliza usiku wa baridi. Wakiinua vichwa na kuanza kuogelea mbali nawe, rudi nyuma.